Kalehe hadi Fizi: jamaa zinazoishi kati ya mlima na ziwa zijipange vipi kabla ya mvua ya usiku?

Alhamisi ni siku ya soko huko Nyamukubi, kijiji cha wilaya ya Kalehe kilicho kando ya Ziwa Kivu, jimboni Kivu Kusini. Ndivyo ilivyokuwa tarehe 4 Mei 2023. Watu walikuwa wametoka vijiji vya jirani kuja kuuza na kununua wakati mvua kubwa ilipopiga milimani. Mito ikateremka na matope, mawe na miti, ikafagia Nyamukubi pamoja na Bushushu. Watu zaidi ya 400 walifariki, na wengine wengi hawakuonekana tena. Serikali ilitangaza tarehe 8 Mei kuwa siku ya maombolezo ya taifa zima.

Haikuwa mara ya kwanza. Mwezi Oktoba 2014, mvua ya usiku iliharibu nyumba zaidi ya 700 katika wilaya hiyo hiyo ya Kalehe, na Umoja wa Mataifa ulisema watu zaidi ya 130 hawajulikani walipo. Usiku wa tarehe 16 kuamkia 17 Aprili 2020 ilikuwa zamu ya Uvira, mto Mulongwe ulipofurika na kuingia mjini. Mwezi Mei 2025, mto Kasaba ulifanya vile vile katika kijiji cha Kasaba, wilayani Fizi, kando ya Ziwa Tanganyika. Viongozi wa huko walihesabu maiti zaidi ya 100.

Majina ya vijiji yanabadilika, lakini habari inafanana: mlima nyuma, ziwa mbele, mto katikati, na mara nyingi watu wamelala.

Ardhi iliyoletwa na mto

Ukiangalia pwani ya Kalehe au ya Fizi kutoka ndani ya mtumbwi, unaona milima inashuka karibu mpaka majini. Mahali tambarare ni pachache, na mara nyingi panapopatikana, kuna mto unaoingia ziwani. Mto unaposhuka kwa kasi hubeba mchanga, udongo na mawe. Ukifika chini, mwendo wake unapungua na mzigo ule unabaki. Kwa miaka mingi sana mzigo huo unarundikana mpaka unakuwa kiwanja kizuri cha kujenga na kulima.

Maana yake ni kwamba kiwanja chenyewe ni kazi ya mto. Siku mvua inapozidi, mto unaweza kupita tena juu ya kiwanja hicho, wala haulazimiki kufuata njia yake ya kila siku. Mawe makubwa yaliyolala katikati ya kijiji, mbali na mto, ni ushahidi. Hakuna mtu aliyeyabeba mpaka hapo.

Wakaaji hawajengi mahali hapo kwa ujinga. Ziwa linatoa sambaza na ndagala, barabara inapita hapo, soko liko hapo, na udongo unazaa. Milimani mashamba ni ya mteremko, na vita vimefukuza jamaa nyingi kutoka sehemu za juu. Kumwambia mtu ahame bila kumwonyesha pa kuhamia ni maneno matupu. Swali linalobaki ni hili: jamaa inayolala hapo leo ifanye nini?

Wakati ni mfupi

Mito ya pwani hizi ni mifupi na mteremko wake ni mkali. Mvua ikipiga kileleni, maji yanaweza kufika chini kabla watu hawajajua kinachoendelea, hata kama kijijini kunanyesha kidogo tu. Vipimo vya kuonya navyo havitoshi. Baada ya msiba wa 2023, wanasayansi wa kundi la World Weather Attribution walitaka kujua kama mabadiliko ya tabianchi yalichangia mvua ile. Walishindwa kutoa jibu, kwa sababu takwimu za mvua kutoka eneo la Ziwa Kivu zilikuwa chache mno.

Mwaka 2022, Katibu Mkuu wa Umoja wa Mataifa António Guterres alitoa ahadi kwamba kila mtu duniani atalindwa na mfumo wa maonyo ya mapema kufikia mwisho wa 2027. Mpaka mfumo huo ufike kwenye vijiji vya kando ya ziwa, macho na masikio ya wakaaji ndiyo yanayofanya kazi hiyo.

Kuna alama ambazo kila jamaa inapaswa kuzijua, watoto pia. Maji ya mto kugeuka matope mazito kwa ghafla ni alama. Matawi na miti mizima inayoshuka na maji ni alama. Mngurumo usiokoma kutoka bondeni, kama mawe yanayogongana, ni alama ya kukimbia mara moja. Na kuna moja ambayo wengi wanaichukua kuwa habari njema: mto kupungua ghafla wakati mvua bado inanyesha. Hiyo inaweza kuwa dalili kwamba udongo umeanguka huko juu na kuziba maji. Kizuizi hicho kikipasuka, maji yote yatakuja kwa mara moja.

Mambo sita yasiyohitaji pesa nyingi

La kwanza ni njia. Usikimbie kufuata mto kuelekea ziwani, na usivuke daraja. Mahali pa usalama ni juu na pembeni, mbali na njia ya maji na mbali na mteremko wenye nyufa. Jamaa yote iitembee njia hiyo mchana, kisha mara moja usiku bila taa, ili miguu iizoee.

La pili ni zamu. Usiku wa mvua kubwa, mtu mzima mmoja abaki macho. Mvua ikiwa imenyesha siku kadhaa mfululizo, ni afadhali watoto wakalale kwa ndugu anayekaa sehemu ya juu kabla ya giza kuingia.

La tatu ni wale wasioweza kukimbia. Nani atambeba bibi? Nani atamshika mkono mama mjamzito au mlemavu? Majina yatajwe mapema, na jirani anayeishi peke yake ahesabiwe pia.

La nne ni mfuko mmoja, uliofungwa ndani ya plastiki na kutundikwa karibu na mlango. Ndani yake kuwe na kadi ya mchaguzi, vyeti vya shule, karatasi za chanjo za watoto, dawa za kila siku, tochi na franka kidogo. Kama mfuko hauko karibu na mkono, uachwe.

La tano ni sauti ya kijiji. Kengele, ngoma au filimbi ipigwe kwa namna ambayo haitumiki kuita watu kanisani, msikitini wala shuleni. Shefu wa kijiji na wakaaji wakubaliane nani atapiga, na nani wa pili kama yule wa kwanza hayupo.

La sita ni kutorudi nyuma na kutovuka. Maji yanayokimbia yenye kina cha sentimita 15 tu yanaweza kumwangusha mtu mzima, na sentimita 30 zinaweza kusukuma gari dogo. Mbuzi, magodoro na bidhaa za soko vinauma kuvipoteza, lakini maji ya kwanza si lazima yawe ya mwisho.

Ziwa nalo linapanda

Uvira inabeba hatari nyingine inayokuja polepole. Maji ya Ziwa Tanganyika yana mlango mmoja tu wa kutokea, mto Lukuga kule Kalemie. Mvua za miaka mingi zikizidi, ziwa linapanda na kuingia majumbani, kama wakaaji wa Uvira na majirani zao wa Bujumbura walivyoona katika miaka ya karibuni. Hapa muda wa kujipanga upo. Anayeona maji yakisogea wiki baada ya wiki anaweza kutoa vitu mapema, kuinua chakula juu, na kujua mapema choo kipi kitafurika.

Choo ni jambo kubwa, kwa sababu kipindupindu kinarudi mara kwa mara Uvira na kando ya Ziwa Kivu. Baada ya mafuriko, maji ya kunywa yachemshwe au yatiwe klorini. Mtu akianza kuharisha, apewe maji ya chumvi na sukari huku akipelekwa kituo cha afya: lita 1 ya maji safi, vijiko vidogo 6 vya sukari, na nusu ya kijiko kidogo cha chumvi.

Kazi isiyo ya jamaa peke yake

Kuna mambo ambayo mfuko uliotundikwa mlangoni hauwezi kutengeneza. Kutafuta viwanja salama, kuzuia mauzo ya ardhi kwenye kingo za mito, kupanda miti milimani na kuweka vipimo vya mvua ni kazi ya serikali, ya jimbo na ya machifu. Wakaaji wana haki ya kuwadai, na msiba wa 2023 mahali palipokwisha kupigwa mwaka 2014 unawapa sababu ya kutosha.

Hata hivyo, anayetaka kununua kiwanja anaweza kuanza na swali moja kwa wazee wa mahali hapo: maji yalipita wapi? Na jamaa ambayo imekwisha kujenga ina kiangazi, kuanzia Juni hadi Agosti, wakati mto uko chini na njia ni kavu. Huo ndio wakati mzuri wa kutembea na watoto mpaka mahali pa usalama na kuhesabu dakika.