Zamu, Ramu na Mshahara: Desturi za Manowari Kati ya Vita Viwili

Mkulima wa vitunguu wa Lumuma hahitaji kufundishwa maana ya zamu. Maji ya mfereji yana saa zake na yana wenyewe. Ukipitiwa na usingizi, yameshakwenda kwa jirani. Kwa hiyo nadhani mtu huyo angezielewa desturi za manowari upesi kuliko mtu wa mjini, ingawa bahari iko mbali naye, hadi ashuke Kilosa apande treni ya Dar es Salaam.

Nazungumzia manowari za Mwingereza kati ya mwaka 1919 na 1939, miaka ambayo kwa sehemu kubwa hazikuwa na wa kupigana naye. Agosti 1919 serikali ya London iliamua matumizi ya majeshi yapangwe kana kwamba hakutakuwa na vita vikubwa kwa miaka kumi. Mwaka 1922 ukaja mkataba wa Washington uliowekea mpaka meli kubwa za kivita: Uingereza na Marekani zikitoshana kwa mafungu matano matano, Japani ipate matatu. Meli zilizosalia ziligawanywa kwenye vituo: Malta, Hong Kong, Bermuda, Simonstown kwa upande wa Afrika, na Trincomalee kule Ceylon kwa Bahari ya Hindi. Zilizuru bandari, zikapiga mizinga ya salamu, zikavizia majahazi ya wauza watumwa Bahari ya Shamu. Mei 1936 meli ya Enterprise ilimpakia Haile Selassie, mfalme wa Ethiopia, huko Djibouti ikampeleka Haifa, wakati Waitalia wakiiteka nchi yake.

Lakini hayo ni ya nje. Ndani ya meli kama hiyo walibanana watu zaidi ya mia tano, na wakitumwa ng'ambo walikaa humo karibu miaka miwili na nusu. Watu wengi hivyo hawakai pamoja bila mila.

Mila ya kwanza ilikuwa kengele. Iligongwa kila nusu saa, na zikitimia nane, saa nne zimekwisha, zamu inabadilishwa. Hapo palikuwa na tatizo: siku ina zamu sita za saa nne nne, kwa hiyo mabaharia wakigawanywa makundi mawili, kundi lile lile lingeangukia usiku wa manane daima. Dawa yake ilikuwa kuikata katikati zamu ya kuanzia saa kumi jioni hadi saa mbili usiku. Zamu zikawa saba, na kila siku makundi yakabadilishana mateso. Ujanja huo mdogo unanifurahisha kuliko mizinga yote ya meli.

Mila ya pili ilikuwa meza. Mabaharia dazeni hivi walikula meza moja, na juu ya meza hiyo hiyo ndiko walikotundika machela zao za turubai na kulala. Kila meza ilikuwa na mkubwa wake. Katika meli nyingi za zamani wapishi wa jikoni hawakuandaa chakula. Kila meza ilitoa watu wake wa zamu, wakamenya viazi, wakakanda unga, kisha wakapeleka sufuria jikoni ikapikwe tu. Kikitoka kibaya, lawama hairuki meza. Maofisa walikuwa na ukumbi wao, na kapteni, mkubwa wa wote, alikula peke yake chumbani. Kwetu mzee akila peke yake watu huulizana kakosana na nani.

Saa sita mchana ilitolewa ramu. Mabaharia wa kawaida waligawiwa ikiwa imechanganywa na maji, ili mtu asiifiche akainywa siku nyingine. Wasiotimiza miaka ishirini hawakupewa, na asiyeitaka alilipwa penny tatu kwa siku. Baina yao ramu iligeuka fedha: umenishikia zamu yangu, nakulipa funda moja. Ada hiyo iliendelea hadi Julai 1970.

Ukiyaona haya utaelewa ya Invergordon, Scotland. Septemba 1931 serikali ilipunguza mishahara, na mabaharia wengi waliokuwa wakipata shilingi nne kwa siku waliambiwa watapata tatu. Mabaharia wapatao elfu kumi na mbili walikataa kuzipeleka meli baharini. Hakuna aliyeuawa, wengi waliendelea na kazi ndogondogo za meli, ila nanga hazikung'olewa. Siku mbili tu zilitosha makato yakapunguzwa hadi asilimia kumi, ingawa waliodhaniwa vinara walifukuzwa baadaye. Nadhani meza ndiyo iliyowapa nguvu: watu waliokwisha kuzoea kugawana viazi, ramu na usingizi hawahitaji mkutano mrefu ili wakubaliane.

Waliokuwa nje ya meza hizo ni wenzetu. Tangu karne ya 19 manowari za Bahari ya Hindi ziliandika Waafrika kutoka Zanzibar na Aden, baadhi yao watumwa waliokombolewa, wakaitwa Seedie. Walipewa kazi za joto: kulisha makaa tanurini na kupiga makasia ya mashua. Walikuwa na kiongozi wao, Tindal, aliyepokea amri kwa ofisa na kuwagawia. Kati ya vita viwili meli zilihamia kwenye mafuta, na mafuta hayahitaji beleshi.

Mwaka 1933 Kenya iliunda kikosi chake cha akiba cha majini pale Mombasa. Mwaka 1952 likapatikana jeshi la majini la Afrika Mashariki nzima, Royal East African Navy, makao yake Mombasa hiyo hiyo. Safari hii Waafrika walivaa sare na kushika zamu za sitaha, maofisa wakiwa Waingereza. Lilivunjwa mwaka 1962.