Video Inapogoma Kufunguka Kwenye Kompyuta



Familia ya katekista mmoja marehemu ilituletea video yake ya mwisho akifundisha watoto wa Komunyo ya Kwanza. Waliomba tuihariri kabla ya Misa ya arobaini. Kwenye simu ilionekana vizuri, lakini kwenye kompyuta yetu ya zamani ilitoa sauti tu, bila picha. Mwenzetu akabadilisha jina la faili kutoka .mov kuwa .mp4, bila mafanikio. Akataka pia kufuta lile la kwenye simu ili apate nafasi. Tukamzuia.

Faili la video ni kama bahasha. MOV na MP4 ni aina za bahasha. Ndani yake kuna picha na sauti zilizobanwa kwa utaratibu uitwao kodeki. Simu nyingi za sasa hutumia kodeki ya HEVC, yaani H.265, kwa kuwa hutoa faili dogo. Kompyuta isiyo nayo haiwezi kuonyesha picha. Kubadilisha jina ni kuandika upya juu ya bahasha tu. Barua ya ndani inabaki katika lugha ileile.

Dawa ni kuligeuza faili lenyewe. HandBrake ni programu ya bure kwa Windows, Mac na Linux. Fanya hivi:

1. Hamisha nakala kwa waya. Usiitume kama video ya WhatsApp, maana ubora hupungua.
2. Ifungue katika HandBrake, chagua MP4, kisha katika sehemu ya "Video" chagua H.264.
3. Chagua "Constant Framerate". Simu hubadilisha idadi ya picha kwa sekunde, na wakati wa kuhariri sauti huweza kuachana na midomo.
4. Weka ubora (RF) kati ya 18 na 20. Namba ikiwa ndogo, picha ni bora na faili ni kubwa zaidi.
5. Ikimaliza, tazama mwanzo, katikati na mwisho.

Kumbuka: kila unapogeuza, ubora kidogo hupotea, na haurudi. Kwa hiyo geuza mara moja tu, kutoka faili la asili, na hilo la asili litunze sehemu mbili tofauti.

Siku ya arobaini, watoto walimwona na kumsikia tena mwalimu wao. Faili la asili bado lipo kwenye simu ya familia, na nakala yake tunayo sisi.