Upakiaji wa Metali katika Zeolaiti: Ufafanuzi kwa Mfano wa Matatu za Eastlands

Mkazi wa Kayole au Umoja hahitaji kufundishwa maana ya kupakia. Kabla ya Februari 2004, kanuni za Waziri wa Uchukuzi John Michuki zilipoanza kutekelezwa, matatu katika Barabara ya Jogoo ilijaza abiria hadi mlangoni, wengine wakining'inia. Kitenzi hicho, kikinyambuliwa kuwa upakiaji, kinafaa kueleza dhana ya kikemia inayowatatiza wengi: kiasi cha metali kinachotiwa katika kichocheo cha zeolaiti. Neno ujazo lingeweza kupendekezwa, ila tayari lina kazi nyingine katika sayansi.

Zeolaiti ni madini yenye vitundu vidogo mno. Jina hilo lilibuniwa mwaka 1756 na Axel Cronstedt wa Uswidi, kutokana na maneno ya Kiyunani yenye maana ya jiwe linalochemka, kwani jiwe hilo lilipopashwa moto lilitoa mvuke. Kiunzi chake ni cha silikoni, alumini na oksijeni. Kila alumini inapochukua nafasi ya silikoni, kiunzi hubaki na chaji hasi moja, nayo husawazishwa na ioni yenye chaji chanya. Ioni hiyo ikiwa ya haidrojeni, mahali hapo huwa na uasidi. Hivyo ndivyo viti vya matatu hii, na idadi yake huamuliwa na alumini, si na matakwa ya mkemia.

Shaba inapoingizwa, huwaondoa abiria waliokwisha kuketi. Ioni ya shaba yenye chaji mbili hukalia viti viwili na kufukuza haidrojeni mbili. Uasidi wa haidrojeni hupungua. Hata hivyo (na hapa mfano wa matatu unaanza kuchechemea) shaba yenyewe huleta uasidi wa aina nyingine, ule wa kupokea jozi ya elektroni. Kwa hiyo jumla ya uasidi si lazima ipungue; aghalabu hubadilika sura. Watafiti huupima kwa kukishibisha kichocheo amonia, kisha kukipasha joto polepole: amonia iliyoshikwa na asidi kali huchelewa kutoka.

Viti vikiisha, metali ya ziada haina pa kuketi. Hujikusanya kuwa chembe za oksidi, ikaziba vijia na kupunguza eneo la ndani ambamo mmenyuko ungefanyika. Panapokuwa na joto kali na mvuke, chembe hizo huweza hata kubomoa kiunzi chenyewe.

Suala hili halikomei maabarani. Katika magari ya dizeli yenye mtambo wa kusafisha moshi kwa zeolaiti ya shaba, amonia hugeuza oksidi za nitrojeni kuwa nitrojeni na maji. Shaba ikiwa haba, kazi huzorota moshi ungali na joto dogo, kama ilivyo katika msongamano wa asubuhi. Ikizidi, amonia huungua bure. Salfa nayo huilemaza shaba hiyo. Kwa sababu hiyo, hatua ya Kenya ya Januari 2015 ya kushusha salfa ya dizeli hadi sehemu 50 kwa milioni ilikuwa sharti la awali, kabla ya kichocheo cha aina hii kuweza kumpunguzia mchuuzi wa kando ya Barabara ya Jogoo moshi anaouvuta kutwa.