Silaha Zinazosalimishwa Huishia Wapi?



Kila mara Serikali inapotangaza msamaha kwa wanaosalimisha silaha haramu, katika jumuiya zetu ndogo ndogo huulizwa swali moja: bunduki hizo zikishafika polisi, huenda wapi? Swali hili lina uzito. Anayeficha gobole uvunguni mwa kitanda hatalitoa iwapo anaamini kwamba kesho litaangukia mikononi mwa jambazi.

Sisi wa Kagera tunajua silaha zilitufikiaje. Vita dhidi ya majeshi ya Idi Amin, mwaka 1978 na 1979, vilianzia katika ardhi ya mkoa huu. Mwaka 1994 wakimbizi wengi mno kutoka Rwanda waliingia Ngara. Wengi wao walikuwa watu wasio na hatia waliokimbia kifo, lakini machafuko ya nchi jirani yalivusha pia bunduki, na kwa miaka mingi wasafiri walipita misitu ya Biharamulo kwa hofu. Julai 2013, Rais Jakaya Kikwete, akiwa ziarani mkoani kwetu, aliwapa wenye silaha haramu wiki mbili wazisalimishe. Septemba mwaka huohuo ilifuata Operesheni Kimbunga.

Njia ya silaha baada ya kupokelewa

Tanzania ni miongoni mwa nchi zilizotia saini Itifaki ya Nairobi ya mwaka 2004. Itifaki hiyo inazitaka nchi za Maziwa Makuu na Pembe ya Afrika kuzitia alama silaha ndogo, kuzitunza salama na kuziondoa kwa uwajibikaji zile zilizokamatwa au kuzidi mahitaji. Hapa nchini, umiliki wa silaha unasimamiwa na Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015.

Utaratibu mwema huanza kwa kalamu. Aina ya silaha na namba iliyochongwa juu yake huandikwa katika daftari, kisha silaha hutenganishwa na risasi zake. Ikiwa ni kielelezo cha kesi, haiwezi kuguswa hadi mahakama iamue. Ikiwa iliibwa kwa mmiliki halali, yaweza kumrudia. Iliyobaki, pamoja na silaha za Serikali zilizochakaa, huharibiwa.

Moto ndio unaoonekana zaidi. Novemba 2016, karibu na Nairobi, Naibu Rais wa wakati huo, William Ruto, aliwasha moto uliochoma silaha 5,250. Hata hivyo moto wa kuni hauyeyushi chuma chote. Ndiyo maana wataalamu hupendelea kuzikata bunduki vipande, hasa mtutu na sehemu inayobeba mtambo wa kufyatulia, au kuziyeyusha katika tanuri la kiwanda. Risasi hazichomwi pamoja nazo, kwa kuwa hulipuka.

Hatari iliyo katikati

Hatari kubwa imo kati ya siku ya kupokea na siku ya kuharibu. Afrika Kusini ilijifunza kwa machozi: mwaka 2016 afisa wa ngazi ya juu wa polisi alihukumiwa kifungo cha miaka 18 kwa kuyauzia magenge silaha zilizopaswa kuharibiwa. Bunduki hizo ziliua watu, wakiwemo watoto, katika vitongoji vya Cape Town. Kwa hiyo hesabu ya waziwazi, inayolinganisha namba zilizopokelewa na namba zilizoharibiwa mbele ya mashahidi, ni ulinzi wa uhai. Katika jimbo la Kentucky, Marekani, sheria huelekeza silaha zilizotaifishwa ziuzwe kwa mnada kwa wafanyabiashara wenye leseni. Fedha hupatikana, lakini bunduki hurudi mtaani.

Mafundisho ya Jamii ya Kanisa yanadai udhibiti madhubuti wa silaha ndogo, kwa sababu ndizo zinazowaua maskini kila siku. Nabii Isaya aliona chuma cha vita kikigeuzwa kuwa zana za shamba. Picha hiyo si ngeni kwetu: mababu zetu Wahaya waliyeyusha chuma takribani miaka 2,000 iliyopita, kama inavyoshuhudiwa huko Katuruka. Chuma hakina dhambi. Mkono wa mhunzi ndio unaochagua.

Tufanye nini?

Umoja wa Afrika umeuweka Septemba kuwa mwezi wa msamaha kwa wanaosalimisha silaha. Katika vipindi vya msamaha Serikali yetu imeelekeza silaha zipelekwe kituo cha polisi au ofisi ya serikali ya mtaa au kijiji. Leseni ni ya mtu binafsi: mjane au mtoto harithi bunduki kama anavyorithi kibanja cha migomba. Aitoe taarifa polisi mapema.

Wapo wanaotaka kumkabidhi paroko. Kwa upendo tunasema: sakristia si ghala la silaha. Paroko aweza kukushauri na hata kukusindikiza, lakini silaha ipokelewe na mwenye mamlaka kisheria, na namba yake iandikwe ukiwepo. Usiibebe ikiwa na risasi. Usipojua kuzitoa, iache ilipo, watoto wasiifikie, uwaite polisi.

Nao viongozi wetu tunawaomba watangaze ni ngapi zilipokelewa na ngapi ziliharibiwa. Mwananchi aliyejikaza akatoa silaha anastahili kujua kwamba haitamrudia usiku.