Kuchanganua Amri ya Kompyuta: Kutoka Sentensi hadi Skripti

Utangulizi

Mkufunzi anapotaja "mstari wa amri" mbele ya wanachuo, aghalabu huona nyuso zikikunjamana. Wengi hudhani kwamba jambo hili ni la wataalamu wa mijini, wala halimhusu mwalimu wa shule ya msingi wa Tunduma, Vwawa au Mlowo. Madhumuni ya makala hii ni kuonyesha kwamba kuchanganua machaguo ya amri ni kazi ile ile ambayo mwanachuo aliifanya alipochanganua sentensi za Kiswahili. Mwalimu atunzaye alama kwa kompyuta hana budi kuielewa, maana kosa dogo hapa laweza kupoteza kazi ya muhula mzima.

Kosa lililonifunza

Miaka michache iliyopita niliandika skripti, yaani faili lenye amri ambazo kompyuta huzitekeleza moja baada ya nyingine, ili inikokotolee wastani wa alama. Skripti hiyo ilitegemea mpangilio wa maneno tu: neno la kwanza lilikuwa jina la faili la alama, la pili jina la faili la kuandikia taarifa. Jioni moja niliyataja majina hayo kinyume. Kompyuta haikuuliza kitu. Ilifuta alama zote ili ipate mahali pa kuandika taarifa. Nililazimika kunakili alama upya kutoka karatasi za majibu, na za wanafunzi waliokwisha kurudishiwa karatasi zao hazikupatikana kamwe.

Kutoka linalojulikana

Tuitazame sentensi hii: "Safisha ubao kwa kitambaa." Safisha ni kitenzi, ubao ni shamirisho, na "kwa kitambaa" ni chagizo. Hata tukisema "Kwa kitambaa safisha ubao", hakuna mwanafunzi atakayekisafisha kitambaa kwa ubao, kwa sababu neno "kwa" limekwisha kueleza kazi ya neno linalolifuata.

Sasa tuitazame amri hii:

wastani -m -s Hisabati -t taarifa.txt alama.txt

"Wastani" ni jina la skripti, nalo ni kama kitenzi. "Alama.txt" ni kitu kitendwacho, yaani shamirisho. Herufi zenye kistari mbele yake ndizo machaguo, nazo hufanya kazi ya "kwa": -s hutangulia jina la somo, -t hutangulia faili la taarifa. Chaguo -m husimama peke yake. Huamuru tu kwamba taarifa iwe ya muhtasari. Basi kuna machaguo ya aina mbili: yanayodai thamani na yasiyodai.

Namna skripti inavyochanganua

Desturi ya vistari ni ya mfumo wa Unix. Mwaka 1985 kampuni ya AT&T ya Marekani iliitoa hadharani programu ya getopt, ili waandishi wote wachanganue machaguo kwa njia moja. Katika skripti zetu hutumika amri iliyo ndugu yake, getopts:

while getopts "s:t:m" herufi
do
  case "$herufi" in
    s) somo="$OPTARG" ;;
    t) taarifa="$OPTARG" ;;
    m) muhtasari=ndiyo ;;
    *) echo "Matumizi: wastani [-m] -s somo -t taarifa faili"
       exit 1 ;;
  esac
done
shift $((OPTIND - 1))
if [ $# -ne 1 ] || [ -e "$taarifa" ]
then
  echo "Amri imekataliwa."
  exit 1
fi

Ufunguo wa yote ni maneno "s:t:m". Nukta mbili baada ya herufi humaanisha kwamba herufi hiyo yadai thamani. Kwa hiyo s na t zadai thamani, lakini m haidai. Kila mzunguko, getopts huchukua chaguo moja na kuliweka katika "herufi". Thamani yake huiweka katika OPTARG. Ikikuta herufi isiyoijua, au chaguo lililokosa thamani, mstari wenye nyota huonyesha matumizi sahihi, na kazi husimama. Amri ya shift huyaondoa machaguo yaliyokwisha kusomwa, yakabaki maneno mengine tu.

Sehemu ya mwisho ndiyo ambayo ingeniokoa. Hudai kwamba libaki neno moja tu, na hukataa kuandika juu ya faili ambalo tayari lipo. Ikumbukwe kwamba uchanganuzi huonyesha kila neno lina kazi gani; hauhakikishi kwamba mtumiaji ametaja jina lililo sahihi. Uhakiki ni kazi ya pili, nayo isisahauliwe.

Kadhalika, getopts huacha kutafuta machaguo mara ikutanapo na neno lisilo chaguo. Hivyo machaguo hayana budi kutangulia. Vistari viwili pekee, --, humaanisha kwamba machaguo yamekwisha. Hutufaa iwapo jina la faili laanza kwa kistari.

Mchezo wa darasani

Watoto wa Tunduma wameyaona malori yakingoja kuvuka kwenda Nakonde, Zambia. Tangu mwaka 2019 nchi hizi mbili zinacho hapo Kituo cha Huduma kwa Pamoja Mpakani. Mwalimu aweza kuutumia mfano huu. Mwanafunzi mmoja awe afisa, wengine wawe madereva wenye kadi. Mara ya kwanza kadi zisiwe na vichwa: afisa akisie kwa mpangilio tu ipi ni ya mzigo na ipi ni ya gari. Mara ya pili kila kadi iwe na kichwa. Wanafunzi wenyewe watasema kwa nini mara ya pili hapakuwa na makosa. Kisha dereva mmoja alete kadi yenye kichwa kisichojulikana, na darasa lijadili: afisa akisie, au amrudishe?

Zoezi

Wanachuo watabiri kwanza, kisha wajaribu kwa faili la mfano, lisiwe la alama halisi:

1. wastani -z alama.txt
2. wastani alama.txt -s Hisabati
3. wastani -s -t taarifa.txt alama.txt

Ya tatu ina mtego: getopts huchukua -t kuwa thamani ya -s, na maneno mawili hubaki. Uhakiki wetu ndio unaoikataa.

Hitimisho

Mwanafunzi asiyeelewa agizo huweza kuinua mkono na kuuliza. Kompyuta haiulizi, isipokuwa aliyeiandikia skripti ameiamuru ikatae. Basi anayeandika skripti ya kutunza alama za watoto na aiandike hivyo: kila neno liwe na kichwa chake, na lisiloeleweka lirudishwe kabla faili halijaguswa.