Je, Mwenye Maradhi Aweza Kufanya Yoga?

Siku hizi habari za yoga zimefika hata huku milimani, Kasulu na Kibondo. Kijana huziona katika simu yake, mama huambiwa kwamba zoezi hilo latuliza moyo na kunyosha mgongo, naye mwenye presha hujiuliza: Je, hata mimi naweza? Jibu ni kwamba wengi waweza. Lakini safari hiyo huanzia zahanati, haianzii mkekani.

Yoga ni mazoezi ya viungo na pumzi yaliyotoka Bara Hindi tangu zamani sana. Umoja wa Mataifa umeyatengea siku yake, 21 Juni, iliyoadhimishwa mara ya kwanza mwaka 2015. Kwa jirani zetu wa Nairobi kiko chama kiitwacho Africa Yoga Project, kilichoanzishwa mwaka 2007, nacho kimewafundisha vijana kuwa walimu wa mazoezi hayo. Lakini aliye mbali na mwalimu, ajifunzaye kwa picha tu, hana budi kuijua mipaka ya mwili wake mwenyewe.

"Sisi twalima, yatosha!"

Wako wasemao kwamba mwenye jembe hahitaji mazoezi mengine. Ni kweli, kulima kwaupa mwili nguvu. Lakini angalia: apaliliaye maharage huinama kutwa nzima, na jioni hupanda mlima na mzigo wa kuni kichwani. Mgongo wake hukunjwa upande mmoja tu. Mtu huyo akianza yoga kwa kuinama ili ashike vidole vya miguu, aongeza kazi pale pale palipokwisha kuchoka. Heri alale chali mkekani, miguu ikiwa juu ya kigoda, dakika tano. Kisha asimame wima, mgongo ukigusa ukuta, avute pumzi taratibu.

Pima kwanza

Presha ni mgeni asiyebisha hodi. Mtu aweza kukaa nayo miaka mingi asione dalili yo yote. Kwa hiyo nenda ukapimwe, iwe ni zahanati ya kijiji, Hospitali ya Kabanga huko Kasulu, au hospitali ya wilaya ya Kibondo. Namba zikiwa 140 juu au 90 chini, au zaidi, na zikirudia hivyo siku nyingine, hiyo ni presha ya juu. Muulize daktari kabla ya kuanza. Zikifika 180 juu au 120 chini, usifanye zoezi lo lote. Mwone daktari siku hiyo hiyo.

Kila ugonjwa na mwiko wake

Mwenye presha asisimame kwa kichwa, wala asizuie pumzi. Mwenye presha ya macho naye asiinamishe kichwa chini, maana jicho lake laweza kudhurika.

Mama mjamzito amweleze mkunga kwanza. Asilalie tumbo, asijipinde kwa nguvu, na mimba ikikua asilale chali kwa muda mrefu.

Mwenye kisukari atumiaye sindano au vidonge asifanye mazoezi na njaa. Awe na sukari karibu, na kila mara atazame nyayo zake, kwa kuwa kidonda kisichouma ni hatari.

Mwenye pumu asikimbilie baridi ya alfajiri, hasa Juni na Julai. Angoje jua, na dawa yake ya kuvuta iwe karibu naye.

Mzee mwenye mifupa dhaifu ashike kiti au ukuta, wala asijikunje. Naye akohoaye wiki mbili au zaidi akapimwe kifua kikuu kabla ya lo lote.

Namna ya kuanza

Anza na dakika kumi, siku tatu kwa juma, tumbo likiwa halikushiba. Vaa nguo isiyobana. Kipimo chako ni pumzi: ukishindwa kusema maneno machache bila kuhema, umezidisha. Kuvutika kidogo kwa misuli si neno. Maumivu makali ni onyo. Kifua kikiuma, kichwa kikizunguka, macho yakiona giza, au maumivu yakishuka mguuni, acha mara moja ukatafute msaada. Mjamzito akiona damu asingoje hata saa moja.

Neno la mwisho ndilo kubwa. Wako watu ambao, wakiisha kujisikia vizuri, huacha vidonge vyao vya presha wakidhani wamepona. Wasifanye hivyo. Presha iliyotulia kwa dawa huweza kupanda tena kimya kimya, na matokeo yake ni kupooza au kufa ghafula. Yoga ni msaidizi wa dawa, haishiki mahali pake. Akiwa na haja ya kupunguza vidonge, mwenye kuamua ni daktari, baada ya kupima.

Basi, mama na baba, kabla ya kutandika mkeka, piteni zahanati.