Vita vya pikipiki kubwa: namna gani Harley-Davidson iliponea



Taksi-moto inayokupeleka sokoni iko na moteri ya cc 125, pengine 150. Inabeba mama, mutoto na mufuko wa unga, na mulima inapanda. Sasa waza pikipiki yenye moteri ya cc 1,300, ao hata 1,800. Uzito wake unapita kilo 300, kiti chake ni sawa kanape, nyuma kuna masanduku ya kuweka nguo, mbele kuna redio. Kule Marekani watu hawanunui pikipiki ya namna ile kwa kwenda kazini. Wanaitembeza siku nyingi kwa barabara ndefu, bwana mbele, bibi nyuma.

Utasema: hiyo ni michezo ya watajiri. Ni kweli. Lakini kwa mutu anayekaza buloni ndani ya usine, si muchezo hata kidogo, njo chakula ya watoto wake. Na wewe unayekaa karibu na mugodi, hakuna mutu wa kukufundisha kama kampani ikianza kuyumba, muji muzima unayumba nayo.

Kampani ya Harley-Davidson ilizaliwa mwaka 1903 kule Milwaukee, Marekani. Mushindani wake mukubwa wa zamani, Indian, alifunga milango mwaka 1953. Basi Harley ikabaki peke yake, na mutu anayebaki peke yake sokoni anaanza kusinzia. Mwaka 1969 ikanunuliwa na kampani kubwa yenye kuitwa AMF, iliyokuwa inatengeneza vyombo vya michezo. Wakubwa wapya walitaka kitu kimoja: pikipiki nyingi, upesi. Mwaka 1973 kazi ya kuunganisha pikipiki ikahamishwa kwenda York, katika jimbo la Pennsylvania. Moteri zikaendelea kutoka Milwaukee. Watumishi na wakubwa hawakusikilizana tena. Pikipiki zilitoka nyingi, ndiyo, lakini zilikuwa zinavuja mafuta. Wauzaji walitandika karto chini yake ndani ya magazini, ili sakafu isichafuke. Muwaze kidogo: kitu kipya, cha bei kali, na chini yake karto!

Wakati ule Wajapani hawakusinzia. Mwaka 1969 Honda ilileta CB750, yenye silinda nne. Mwaka 1972 Kawasaki ikaleta Z1, yenye nguvu zaidi. Mwaka 1975 Honda ikaanza kuuza Gold Wing, pikipiki ya safari ndefu, moteri yake inapozwa na maji, na haina munyororo wa kupaka mafuta kila mara. Haivuji, haisumbui, asubuhi unabonyeza kifungo inawaka. Mwaka 1973 Harley ilikuwa inauza karibu robo tatu za pikipiki nzito kabisa katika Marekani. Miaka kumi nyuma ya pale, ilibakiwa na robo tu, hivi.

Tena kulikuwa vita ingine, kati ya Wajapani wenyewe. Yamaha ilisema itaipita Honda na kuwa ya kwanza duniani. Honda ikakasirika. Ndani ya miezi 18 hivi Honda ilitoa namna 113 za pikipiki, Yamaha namna 37. Mwanzo wa 1983 Yamaha ikakubali imeshindwa. Lakini tembo wakipigana, unajua nani anayeumia: pikipiki zisizouzwa zilijaa ndani ya madepo ya Marekani, na bei zikaanguka.

Harley ilikuwa katikati ya muvua ule. Mwaka 1981 wakubwa kumi na watatu wa kampani, pamoja na Vaughn Beals na Willie G. Davidson, mujukuu wa mumoja wa waanzishaji, waliungana na kuinunua tena kutoka AMF, kwa dola karibu milioni 80. Sehemu kubwa ya feza ile ilikuwa deni la benki. Mwaka uliofuata, 1982, walifukuza watumishi karibu 40 juu ya 100. Wakubwa nao walikatwa mushahara. Ile inapunguza uchungu? Sizani kama ilimusaidia baba aliyerudi nyumbani na barua mukononi, lakini heri ile kuliko mukubwa anayefukuza wengine na kujiongezea mwenyewe.

Basi wakaenda kulia kwa serikali. Mwezi wa nne 1983 Rais Reagan alipandisha duane ya pikipiki za kutoka inje, zenye kupita cc 700: juu ya 4.4 kwa 100 ya zamani, akaongeza 45 kwa 100. Duane ile ilipaswa kushuka kila mwaka na kwisha nyuma ya miaka mitano.

Watu wengi wanasimulia kama njo ile duane iliokoa Harley. Mimi sikubali. Angalia Wajapani walifanya nini. Walitwaa moteri za 750 wakazipunguza hata 699 ao chini kidogo ya 700, na duane haikuzigusa. Tena Kawasaki ilikuwa na usine yake Lincoln, katika jimbo la Nebraska, na Honda ilikuwa na yake Marysville, katika jimbo la Ohio. Gold Wing ilitengenezwa pale pale, kwa mikono ya Wamarekani! Ukuta ulikuwa na matundu kila upande.

Kitu kilichookoa Harley kilianza mwaka 1982, wakati Beals na wenzake walienda kutembelea ile usine ya Honda ya Marysville. Waliwaza watakuta mashini za ajabu. Kumbe hapana. Walikuta watumishi sawa wa kwao, wanasema luga moja, lakini usine safi, wakubwa wachache, karatasi chache, na vipande vya pikipiki vinafika saa vinapotakiwa.

Kwa Harley ilikuwa kinyume. Vipande vilitengenezwa kwa wingi na kulala ndani ya depo. Vingine viliota kutu. Vingine, wakati wa kuvitosha, mafundi wa makaratasi walikuwa wamekwisha kubadilisha umbo la pikipiki, basi kazi yote bure. Na kama kipande kimoja kina kosa, elfu moja vina kosa lile lile, na hakuna anayejua mupaka siku ya kuunganisha. Wakaanza kutengeneza kidogo kidogo, sawa mama anayepika kadiri ya watu walio nyumbani: chumvi ikizidi, unajua mara moja, haungoji juma nzima.

Tena wakabadilisha namna ya kusema na watumishi. Zamani mutumishi alikaza, mukaguzi akaangalia nyuma. Sasa mutumishi mwenyewe akafundishwa kupima kazi yake na kuandika vipimo, na kama vinatoka njiani, anasimamisha na kutengeneza. Sendika ziliitwa kwenye meza. Mafundisho yale ya vipimo Wajapani waliyapata miaka ya 1950 kwa Mumarekani mumoja, W. Edwards Deming. Mali ya nyumba ilizunguka dunia mbele ya mwenyewe kuitambua.

Mwaka 1983 kampani ikaanzisha pia chama cha wenye pikipiki zake, HOG, na kwa pikipiki za mwaka 1984 ikaleta moteri mupya, Evolution, ambayo haikuomba tena karto chini yake. Lakini hatari ilikuwa haijapita. Benki iliyowakopesha ilichoka, na tarehe 31 mwezi wa 12, 1985, saa chache tu mbele ya mwaka kwisha, njo walipata mukopeshaji mwingine. Bila ile, hesabu ilikuwa imekwisha.

Mwezi wa tatu 1987 Harley ikafanya kitu ambacho kampani chache zinafanya: ikaandikia serikali iondoe duane, mwaka muzima mbele ya wakati. Reagan akaenda mwenyewe York kuwasalimia watumishi. Mwisho wa miaka ile ya 1980 Harley ilikuwa inauza tena zaidi ya nusu ya pikipiki nzito kabisa za Marekani.

Wajapani nao waliiga. Honda Shadow, Yamaha Virago, Kawasaki Vulcan, zote zilikuwa na silinda mbili zenye kukaa sawa V, kama za Harley. Mwaka 1994 Harley ikataka hata sauti ya moteri yake iandikwe kuwa mali yake kwa sheria! Washindani wakapinga, na mwaka 2000 ikaacha. Tuseme ukweli, pale walipita kiasi.

Mwaka 2009 Honda iliacha kutengeneza pikipiki Marysville, na kazi ya Gold Wing ikarudi Japani. Mwaka 2017 kampani ya Polaris ilifunga jina lake la Victory, ili ibaki na Indian, jina la zamani ililonunua mwaka 2011. Na mwaka 2019 Harley yenyewe ilifunga usine yake ya Kansas City, iliyofunguliwa mwaka 1998. Kazi yake ilipelekwa York.